Kona ya Mama Fundi: Niijenge upya 2.0 yangu au nipande hadi 2.5?

*Jambo Mama Fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2003, usukani wa kuume, iliingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa nikiwa mtu wa kwanza kuiendesha hapa. Injini ni ya lita 2.0 yenye turbo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa. Tangu kiangazi kilichopita inakula oili, na nikiachia pedali kwenye mteremko halafu nikakanyaga tena, nyuma unatoka moshi wa bluu. Chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika haina nguvu kabisa. Kupita lori la shaba kwenye njia ya Likasi ni kusali.*

*Fundi wa kwanza alipima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, akapata baa 8.5, 8.6, 8.4, na silinda ya nne 5.3. Anasema kitabu kinataka zaidi ya 10, kwa hiyo injini nzima imekwisha. Atabadilisha segma (pete za pistoni) na kusine (beringi za krenki, shafti kuu ya injini) kwa dola 1,300. Fundi wa pili anasema 2.0 ni kupoteza pesa. Ana bloku ya 2.5 iliyotoka kwenye Forester isiyo na turbo, ataweka kilasi zangu (vichwa vya silinda) na turbo yangu juu yake kwa dola 2,400, "na gari itaruka". Mimi nina dola 3,000 na hii ndiyo gari ya kunipeleka kazini. Nishauri, Mama. Picha nimekutumia.*

*Dereva wa Katuba*

Mwanangu, usimpe yeyote pesa wiki hii. Fundi wa kwanza ana kipimo kizuri ila amekisoma vibaya. Wa pili anataka kukuuzia pistoni ambazo hazikutengenezwa kwa turbo. Na kwenye picha yako kuna kitu ambacho wote wawili walikipita kama hawakukiona.

Tuanze na kipimo. Kitabu kinachodai baa 10 kimeandikwa kwa hewa ya pwani. Sisi hapa Lubumbashi tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yetu ni kama asilimia 86 ya ule wa Dar es Salaam. Pistoni haiwezi kubana hewa ambayo haikuingia. Zidisha 10 kwa 0.86, unapata 8.6. Sasa zitazame namba zako tena: silinda tatu ziko pale pale, si za ujana lakini ziko hai. Mgonjwa ni mmoja, wa nne. Ningependa kujua ni injini ngapi za mji huu zilifunguliwa kwa sababu tu kitabu cha Japani hakijui Katanga iko juu kiasi gani.

Kabla ya kufungua, silinda ya nne ipimwe kwa njia nyingine. Wengi humwaga oili kidogo kwenye tundu la plagi na kupima upya: kompresheni ikipanda wanasema segma, isipopanda wanasema valvu. Kwenye injini iliyosimama, sawa. Subaru pistoni zake zimelala, oili inakusanyika upande wa chini wa silinda na sehemu ya juu inabaki kavu, basi jibu unalopata ni nusu jibu. Dai ipimwe kwa hewa ya kompresa: pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, wapulize hewa kupitia tundu la plagi, nawe usikilize. Hewa ikilia kwenye mfuniko wa kujazia oili, inapita segma. Ikilia kwenye egzosi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Mapovu kwenye rejeta, gasketi ya kilasi. Kazi hiyo haimalizi hata asubuhi moja, na baada yake hakuna wa kukubabaisha.

Sasa picha. Nimeona ile filta ya wazi, yenye umbo la pia, iliyofungwa mahali pa boksi la kiwandani. Inapendeza macho na inalia vizuri. Lakini kuanzia Mei hadi Oktoba sisi hatupumui hewa peke yake, tunapumua na ule udongo mwekundu, na ndani yake mna mchanga mkali kuliko chuma cha silinda. Fungua bomba la mpira lililo baada ya filta, ingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe, pangusa ndani. Kitambaa kikitoka chekundu umempata muuaji, na ukijenga injini mpya chini ya filta ile ile, utaniandikia tena. Tafuta boksi la kiwandani. Wanaoondoa huwa wanalitupa, utalipata kwa bei ya kunywa.

Tuje kwenye 2.5, maana najua ndiko moyo wako uliko.

Injini yako ina matundu ya milimita 92 na pistoni inasafiri milimita 75; mara nne, hizo ni cc 1,994. Ile 2.5 ina matundu ya 99.5 na mwendo wa 79, jumla cc 2,457. Ni asilimia 23 zaidi ya hewa kila krenki inapozunguka, na kwa mtu wa mwinuko hilo si neno dogo. Turbo yako inapokuwa bado haijaamka, wewe unaendesha injini ndogo inayovuta hewa nyepesi, ndiyo maana lori la shaba linakutesa. Ujazo mkubwa unaiamsha turbo mapema. Hapo fundi wa pili hakudanganya.

Lakini sikiliza. Turbo yako ya kiwandani ilipimwa kwa 2.0. Ukiiwekea 2.5 itaamka haraka, halafu juu itakosa pumzi, kwa sababu kiasi cha hewa inachoweza kusukuma hakikuongezeka. Kompyuta ya gari nayo imeandikiwa 2.0: esansi (petroli) inayonyunyizwa, muda wa cheche, vyote. Lazima iandikwe upya na mtu anayejua, kwa kipimo cha moshi mkononi na si kwa sikio. Je, dola zile 2,400 zina kazi hiyo ndani? Barua yako haisemi, na mimi nina hakika jibu ni hapana.

Halafu giaboksi. WRX ya miaka ile ina giaboksi ya gia tano, na tangu zamani udhaifu wake unajulikana dunia nzima: meno yake hayapendi nguvu nyingi inayokuja ghafla chini. Na nguvu ya chini ndiyo hasa 2.5 inayoleta. Utapita lori moja, la pili, siku moja gia ya tatu itabaki barabarani Kapolowe.

Kubwa kuliko yote ni pistoni. Bloku ya Forester isiyo na turbo ina pistoni za kubana kwa nguvu, karibu 10 kwa 1, kwa sababu injini isiyo na turbo ndivyo inavyotafuta nguvu yake. Ukiisukumia hewa ya turbo juu ya hapo, kwa esansi tunayopata hapa, mchanganyiko utalipuka kabla ya wakati wake. Japani wenye magari kama lako hununua esansi ya daraja la juu, ambayo kiwango chao cha taifa kinataka iwe oktani (kipimo cha esansi kuhimili kubanwa bila kulipuka mapema) 96 kwenda juu. Wewe jaribu kumuuliza kijana anayeuza esansi kwa chupa pale kona oktani yake ni ngapi. Injini ikigonga, kitu cha kwanza kuvunjika ni ule ukuta mwembamba wa alumini uliopo kati ya segma moja na nyingine kwenye pistoni. Hata 2.5 zilizotoka kiwandani na turbo, zenye kubana kidogo, zimevunja kuta hizo sana. Isiyo ya turbo itavunja haraka zaidi. Mwulize fundi wako swali moja tu, "Pistoni gani zitakuwa ndani?" Akisema zile zile zilizokuja na bloku, mshukuru, ondoka.

Tena, amekuambia gasketi za kilasi lazima ziwe za tundu la 99.5? Nimeshaona mtu amefunga za 92 kwenye bloku ya 2.5. Ukingo wa gasketi ulikuwa umeingia ndani ya silinda, unawaka moto kama mshumaa.

Kwa hiyo mimi nasema jenga 2.0 yako. Tena sisemi hivyo kwa sababu ya uoga wa pesa peke yake. Wewe, mwanangu, tangu kiangazi kilichopita huendeshi 2.0 nzima. Kufuatana na barua na picha yako, inaelekea gari limevuta vumbi kiangazi chote, silinda moja kati ya nne ni nusu mfu, na wewe unapima ujazo wa injini kwa gari la silinda tatu na nusu. Lirudishe kwanza kwenye afya yake, upite lori mara moja, ndipo uniambie kama 2.0 haitoshi.

Lakini kujenga kwa dola 1,300 za segma na kusine, hapana. Segma mpya ndani ya silinda iliyochanwa na mchanga ni kazi ya miezi michache. Bloku ikifunguliwa, pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda ya nne, kutoka juu kushuka. Ukucha ukikwama kwenye mchirizi, silinda ichongwe. Subaru hutoa pistoni zilizoongezwa milimita 0.25 na 0.50, na zote nne zichongwe saizi moja hata kama tatu ni nzima, ili uzito usitofautiane. Wengine wanakuambia ukichonga "unaongeza injini". Hesabu mwenyewe: kutoka 92 kwenda 92.5 unapata cc 22. Kijiko kimoja na nusu cha kulia.

Kuchonga nako kuna namna. Nina sahani nene ya chuma ambayo marehemu baba, aliyejifunza kazi kwenye karakana za kampuni ya migodi ya Gécamines kule Panda, alinifundisha kuitumia. Inafungwa juu ya bloku kwa boluti zile zile za kilasi, kwa nguvu ile ile, ndipo silinda inachongwa. Wateja wapya wananicheka, kwanza kwa sababu wanamtafuta mwanaume nyuma ya mashine, pili kwa sababu wanaona nafunga kitu nitakachokifungua. Basi ninaweka komparata, ile saa ya kupimia upana, ndani ya tundu mbele yao, naanza kukaza boluti. Sindano inasogea. Tundu lililokuwa duara linakuwa yai, kwa sehemu za mia moja za milimita, lakini segma zinazijua sehemu hizo. Bloku ya alumini ya Subaru inajipinda hivyo kila kilasi inapofungwa. Ukiichonga ikiwa huru, inakuwa duara mezani na yai barabarani. Fundi asiye na sahani ya namna hiyo asiguse bloku yako.

Pistoni za kufuliwa, yaani zilizofinywa kwa nguvu badala ya kumiminwa, unazosikia vijana wakizisifu, wewe huzihitaji kama utaiacha turbo kwenye presha ya kiwandani. Zinatanuka zaidi zikipata moto, kwa hiyo zinapewa nafasi kubwa, na asubuhi za Juni na Julai utazisikia zikigonga-gonga mpaka zipate joto. Ukiwa na mpango wa kupandisha presha baadaye, hapo zinunue sasa, kwa sababu bloku haifunguliwi mara mbili kwa furaha.

Pesa inayobaki iende kwenye vitu ambavyo havionekani. Bomba la kunyonyea oili ndani ya karta (sufuria ya oili chini ya injini): kwenye injini hizi hupasuka kwenye kiungo chake, pampu inanyonya hewa, kusine zinakufa. Liwe jipya. Skrubu za mfuniko wa nyuma wa pampu ya oili hulegea zenyewe. Zifunguliwe, zisafishwe, zikazwe kwa gundi ya nyuzi. Kile kipoza oili kilicho kati ya bloku na filta ya oili kibadilishwe ikiwa kusine zitakutwa zimetoa unga wa chuma, kwa sababu hakisafishiki hata ukikichemsha, na unga ule utarudi kula kusine mpya. Mkanda wa taimingi na rola zake, usiulize, weka vipya: ukikatika, valvu na pistoni zinakutana. Na dola 500 zifiche mahali ambapo hata wewe hutazifikia kirahisi mpaka gari litembee.

Nitabadilisha shauri langu kwa sharti moja. Bloku ikifunguliwa wakakuta hata 92.5 haitoshi kufuta michirizi, na krenki nayo imeliwa, hapo hujengi tena, unanunua. Na kama unanunua kila kitu, bei ya 2.5 ya turbo yenye pistoni zake halali haiko mbali sana na ya 2.0. Lakini hapo weka mezani na giaboksi, na kuandika kompyuta, na vinyunyizi vya esansi. Dola 3,000 hazitafika. Kuna njia ya katikati pia, krenki ya mwendo wa 79 ndani ya bloku yako ya 92, inakupa cc 2,100. Inataka pistoni zake maalumu, na kwa cc mia moja na kidogo sioni inafidia nini.

*Mama, shikamoo. Toyota Mark II yangu ina injini ya 1JZ ya turbo, nataka kuweka krenki ya 2JZ, ndugu yake ya lita 3, ndani yake nipate lita 3 bila kununua injini nzima. Rafiki yangu anasema matundu ni sawa, kwa hiyo inaingia tu. Kweli? Kijana wa Likasi.*

Marahaba. Matundu ni sawa kweli, 86 kwa 86. Rafiki yako aliishia hapo. Mwendo wa pistoni ya 1JZ ni milimita 71.5, wa 2JZ ni 86, na kwa ajili ya mwendo huo Toyota walilijenga bloku la 2JZ refu zaidi kwenda juu. Krenki ile kwenye bloku lako fupi itazipandisha pistoni mpaka zitoke juu ya bloku zipige kilasi.

Wanaojua hufanya kinyume chake: wanachukua sehemu ya chini ya 2JZ, hata ile isiyo na turbo iliyokuwa kwenye magari ya wazee, wanaweka kilasi ya 1JZ juu. Ni cc 2,997 kwa kilasi uliyonayo. Yale niliyomwambia mwenzako wa Katuba kuhusu pistoni za injini isiyo na turbo yanakuhusu pia, pima kubana kabla ya kufunga. Ila kama 1JZ yako inatembea vizuri na haili oili, niambie lita 3 unazitaka za kwenda wapi. Injini hiyo ya lita 2.5 yenye afya ni nzuri mno, na Likasi mpaka hapa ni kilomita kama 120 tu, nusu yake nyuma ya malori.

*Mama Fundi, mume wangu ametengenezewa injini ya Carina yetu ya teksi, segma mpya na silinda zimechongwa. Fundi amesema dereva asizidi kilomita 40 kwa saa muda wa miezi mitatu. Hatuwezi kula hivyo. Mama wa Kamalondo.*

Dada yangu, fundi huyo anarudia maneno ya zamani. Segma zinakaa kwenye ukuta wa silinda kwa presha ya moto, na gari linalotambaa halina presha. Ukilitambaza miezi mitatu, ukuta utakuwa laini kabla segma hazijakaa, na mtakula oili maisha yote ya injini hiyo.

Dereva afanye kazi kama kawaida kwa kilomita 1,000 za kwanza, asizidi mizunguko 4,000, akanyage na kuachia, asikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu, asiiache ikinguruma imesimama pale parking akisubiri abiria. Oili ya kawaida, ile ya bei kali ya sintetiki isubiri. Ibadilishwe kwa kilomita 300 pamoja na filta, na itakapotoka aimwage kwenye beseni jeupe juani aangalie. Kung'aa kidogo kwa unga ni kawaida mara hiyo ya kwanza. Akiona vipande vya rangi ya shaba, asiwashe tena, amwite fundi aje na pesa zenu.